Usiku Unaowauliza Watu Umri

Wakatoliki wa Bagamoyo, Bukavu na Gitega wanaijua vizuri tarehe 1 Novemba. Ni Sikukuu ya Watakatifu Wote, na kesho yake ni kumbukumbu ya Marehemu Wote, siku ya kwenda makaburini, kupalilia na kuwasha mishumaa. Nchini Burundi hata ofisi za serikali hufungwa siku ya Watakatifu. Lakini mkesha wake, usiku wa tarehe 31 Oktoba, kwetu umepita miaka yote kama usiku mwingine wowote. Wamisionari wa kwanza waliotuletea kalenda hiyo wengi wao walitoka Ufaransa na Ujerumani, ambako mkesha huo haukuwa na vishindo. Vishindo vilikuwa Ireland na Scotland, na kutoka huko vikavuka bahari hadi Marekani na Kanada. Ndiyo Halloween.

Sasa usiku huo umeanza kutubishia hodi. Mzazi wa Kiswahili aliyehamia Minneapolis au Toronto hupokea karatasi ya shule kila Oktoba: mtoto aje na vazi la kujigeuza. Nairobi na Dar es Salaam nako kumbi za starehe zinatangaza sherehe za vinyago. Mjadala wetu huwa mmoja tu, kwamba jambo hili ni la kishetani au si la kishetani, na wachungaji wengi wamekwisha kutoa hukumu yao. Swali hilo lina haki ya kuulizwa. Mimi naona linafunika jingine, ambalo nikiipitia historia ya usiku huu nalikuta kila karne: nani ana umri wa kuvaa kinyago, na lini ataambiwa akivue?

Tuanze Ireland. Waselti wa huko waliugawa mwaka vipande viwili, cha joto na cha baridi, na mpaka wake uliangukia mwanzoni mwa Novemba. Sherehe ya mpaka huo iliitwa Samhain. Mifugo ilirudishwa kutoka malisho ya mbali, wale wasioweza kustahimili baridi wakachinjwa, mioto ikawashwa, na watu wakaamini kwamba usiku huo viumbe wa ulimwengu mwingine hutembea. Karibu yote tunayoyajua kuhusu Samhain yaliandikwa na watawa wa Kikristo karne nyingi baada ya Ukristo kuingia. Kwa hiyo msomaji awe na tahadhari anapokutana na kitabu kinachomweleza kwa kina walichokivaa makuhani wa Kiselti usiku huo. Vitabu vya namna hiyo ni vingi, ushahidi ni haba.

Kanisa nalo lilikuwa na njia yake. Mwaka 609 Papa Bonifasi IV aliliweka wakfu jengo la Pantheon mjini Roma kwa heshima ya Bikira Maria na mashahidi wote, tarehe 13 Mei. Karne iliyofuata Papa Gregori III akatabaruku kikanisa cha watakatifu wote ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro, na kufikia zama za Gregori IV, katika karne ya 9, tarehe 1 Novemba ilikuwa imeshika mizizi kaskazini mwa milima ya Alpi. Mwishoni mwa karne ya 10, Odilo, abati wa Cluny huko Ufaransa, akaagiza watawa wake wawaombee marehemu wote tarehe 2 Novemba.

Desturi ya kupita nyumba hadi nyumba inaelekea ilitokana na sala hizo za marehemu. Katika Uingereza ya Zama za Kati maskini walizunguka wakipewa mikate midogo, nao wakaahidi kuziombea roho za wafu wa nyumba ile. Desturi hiyo ilijulikana kiasi kwamba Shakespeare, katika tamthilia yake The Two Gentlemen of Verona, anamtaja ombaomba wa Watakatifu Wote kama mtu ambaye kila mtazamaji amekwisha kumwona barabarani. Hapo hapakuwa na mchezo wa watoto. Mtu mzima mwenye njaa alitoa sala, akapewa mkate.

Vinyago vilikuwa vya vijana. Katika sehemu za Cork, kusini mwa Ireland, karne ya 19, kundi la vijana liliongozwa na mwenzao aliyejifunika shuka jeupe, mkononi ameshika fuvu la kichwa cha farasi, aliyeitwa Láir Bhán, yaani farasi jike mweupe. Walipiga pembe, wakapita mashambani wakidai maziwa, mayai na siagi, na mkulima aliyebana mkono alitishiwa bahati mbaya. Taa zao zilichongwa kwenye tanipu, mzizi mgumu ambao ukikauka huwa na uso wa kutisha kuliko boga lolote. Anayedhani natia chumvi aende Castlebar, katika makumbusho ya taifa ya maisha ya kijijini, akaione nakala ya plasta ya tanipu moja kutoka Donegal. Imekunja midomo kama mzee aliyenyimwa ugoro.

Usiku huohuo vijana waliuliza habari za umri uliokuwa ukiwasubiri. Shairi la Robert Burns liitwalo Halloween, lililochapishwa mwaka 1786, linaonyesha wavulana na wasichana wa Ayrshire wakifanya ramli za ndoa. Mmoja anang'oa shina la kabichi gizani ajue umbo la mwenzi wake, mwingine anatia kokwa mbili motoni aone kama wapendanao watatulia pamoja au mmoja ataruka. Ireland walioka mkate wa zabibu wenye vitu vilivyofichwa ndani. Aliyepata pete ataolewa au kuoa, aliyepata sarafu atatajirika, aliyepata kitambaa kichakavu na amwombe Mungu. Mtoto wa miaka sita alikuwa nini katika mambo hayo? Mtazamaji tu. Usiku ulikuwa wa wale waliosimama kwenye kizingiti cha utu uzima.

Kati ya 1845 na 1852 viazi vilioza mashambani Ireland. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakapanda meli. Walipofika Marekani walikuta boga, kubwa, laini, rahisi kuchonga, wakaliacha tanipu. Wascoti walikuwa wamewatangulia na mambo yao. Magazeti ya wanawake ya mwishoni mwa karne ya 19 yakaipenda Halloween, yakaifanya tafrija ya sebuleni: wasichana wa miji wakitupa ganda la tofaa begani wasome herufi ya kwanza ya jina la mchumba. Huko nje wavulana walikuwa na sherehe yao tofauti. Waling'oa malango ya uzio, waliangusha vyoo vya nje, walipandisha mkokoteni juu ya paa la zizi. Asubuhi mzee mwenye mkokoteni alisimama chini akitazama juu.

Picha nzuri ya hali hiyo imo katika filamu ya Meet Me in St. Louis ya mwaka 1944, iliyoongozwa na Vincente Minnelli, ambayo kisa chake kinaanza mwaka 1903. Watoto wamevaa nguo kuukuu za wakubwa, wamepaka nyuso masizi, wamekoka moto barabarani. Kitoto kiitwacho Tootie kinatumwa kwenda kumrushia jirani unga usoni. Hakuna anayeomba pipi, wala mzazi anayefuatana nao. Vazi ni koti la baba na kofia ya babu, vitu vilivyookotwa kabatini dakika chache kabla ya kutoka.

Nguo hizo kubwa zilizowapwaya watoto zingebadilika upesi. Miji ilikua, magari yakajaa, na mzaha wa kijijini ulipofika mjini ukawa uharibifu: vioo kuvunjwa, matairi kutobolewa, kengele za moto kupigwa bure. Miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, wenye maduka na polisi walichoka. Baadhi ya miji ilifikiria kuupiga marufuku usiku wenyewe. Mingine ilitumia akili. Anoka, mji mdogo wa Minnesota, ulikuwa umetangulia kuandaa gwaride mwaka 1920, kwa sababu, kama wenyeji wanavyosimulia, walikuwa wamechoka kuamka na kukuta ng'ombe wakizurura barabara kuu. Vijana wakapewa maandamano, bendi na njugu, na shughuli ikatulia.

Harper Lee aliyajua mambo haya. Katika riwaya yake To Kill a Mockingbird ya mwaka 1960, inayosimulia Alabama ya miaka ya 1930, watu wazima wanaandaa maonyesho shuleni kwa sababu mwaka uliotangulia watoto walihamisha samani zote za akina dada wawili wazee, viziwi, wakazificha kwenye chumba cha chini ya nyumba. Scout, msichana mdogo anayesimulia kisa, anapewa vazi la paja la nguruwe lililokaushwa. Fundi wa mtaani amekunja wavu wa banda la kuku, akaufunika kitambaa cha kahawia na kupaka rangi. Mtoto hawezi kukaa akiwa ndani yake, hawezi kujikuna pua, haoni vizuri. Wavu huohuo ndio unaomwokoa na kisu gizani. Katika maandishi yote ya Kimarekani sijui vazi la nyumbani lililolipwa heshima kubwa kuliko hilo.

Kwa hiyo watu wazima waliuteka usiku kutoka kwa vijana na kuwakabidhi watoto wadogo. Silaha yao ilikuwa cherehani. Kampuni ya Dennison ya Massachusetts, watengenezaji wa karatasi ya krepu, ilianza mwaka 1909 kutoa kijitabu cha Halloween kilichowafundisha akina mama kushona mavazi ya karatasi: wachawi, paka, popo, maboga yenye miguu. Kijitabu kiliendelea kutoka hadi katikati ya miaka ya 1930. Vazi la karatasi lilidumu usiku mmoja, na karibu na mshumaa lilikuwa hatari tupu. Waliotaka la kudumu walinunua karatasi za kukatia nguo za Butterick, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1863 na fundi cherehani wa Sterling, Massachusetts. Karatasi hizo ziliuzwa kwa vipimo vya mwili vilivyofuata umri, nne, sita, nane, kumi. Mama aliyeshona kila mwaka aliona mwanawe anavyorefuka kwa kuhesabu inchi za pindo. Akili ya kaskazini ilimfundisha pia kukata vazi pana kupita kiasi, maana mwisho wa Oktoba huko kuna baridi, na malaika au haramia lazima atoke na koti ndani.

Ile kauli ya watoto mlangoni, ya kudai utamu la sivyo watakufanyia vituko, ilionekana katika magazeti ya Kanada kwanza, Ontario mwaka 1917 na Alberta mwaka 1927, kisha ikashuka kusini polepole. Vita Vikuu vya Pili viliichelewesha kwa sababu nyepesi kabisa. Sukari iligawiwa kwa kadi Marekani kuanzia 1942 hadi Juni 1947. Kadi zilipoondolewa, watoto waliozaliwa kwa wingi baada ya vita waliingia mitaa mipya yenye nyumba zilizobanana, taa za barabarani, na mama aliyekuwa nyumbani kufungua mlango. Mwaka 1950 mhubiri mmoja wa Pennsylvania, Clyde Allison, na mkewe Mary Emma waliwafundisha watoto kukusanya sarafu badala ya pipi kwa ajili ya UNICEF. Kupita milango kuomba kitu, jambo lililoanzia kwa maskini wa Kiingereza, likarudi kuwa sadaka, na safari hii mwombaji alikuwa mtoto aliyeshiba.

Hii ndiyo Halloween ambayo Wamarekani wenye mvi huilia. Shuka kuukuu lenye matundu mawili. Sanduku la kadibodi lililopakwa rangi ya fedha likawa roboti. Kizibo kilichochomwa kikachora ndevu za mzururaji. Mchoraji Charles Schulz aliitia katika katuni mwaka 1966, katika filamu ya televisheni iitwayo It's the Great Pumpkin, Charlie Brown, ambamo Charlie Brown anatoboa shuka lake matundu kila mahali, na katika kila nyumba wenzake wanapewa pipi yeye anapewa jiwe.

Nina shaka kidogo na kilio hicho. Kumbukumbu husahau kwamba wakati huohuo viwanda vilikuwa kazini. Ben Cooper, kampuni ya New York iliyoanzishwa mwaka 1937, iliuza kinyago cha plastiki chembamba chenye mpira wa kuvutia nyuma ya kichwa, pamoja na joho la rayoni au plastiki la kufunga mgongoni, ndani ya sanduku lenye dirisha la selofeni. Haki za wahusika zilinunuliwa kwa Disney na wengineo. Ubunifu wake ulikuwa wa ajabu. Kifuani mwa joho palichapwa picha na jina la mhusika, kana kwamba shujaa anatembea akijitangaza. Jasho lilichuruzika ndani ya kinyago, na ncha ya ulimi haikuacha kuchokonoa ule upenyo wa mdomo. Watoto walivipenda hata hivyo, na wengi waliovalishwa shuka waliwaonea wivu walionunuliwa sanduku. Mavazi ya nyumbani yalishonwa kwa mapenzi mara nyingi, na mara nyingi pia kwa sababu pesa hazikuwapo. Mtoto wa pili alivaa la kaka yake, wa tatu alivaa viraka.

Usiku wa tarehe 31 Oktoba 1974 ulikuwa na matukio mawili ambayo, yakitazamwa pamoja, yanaeleza yote yaliyofuata. Texas, mtoto wa miaka minane alikufa baada ya kula pipi ya unga iliyotiwa sianidi. Muuaji alikuwa baba yake mzazi, aliyekuwa amemkatia bima ya maisha. New York, katika mtaa wa Greenwich Village, mtengeneza vinyago Ralph Lee aliwaongoza majirani na watoto wao katika matembezi ya vinyago vikubwa na vikaragosi.

Habari ya Texas ilizaa hofu ya mgeni mwenye sumu, ingawa aliyeua hakuwa mgeni. Mwaka 1982 watu saba wa eneo la Chicago walikufa kwa vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sianidi madukani, wiki chache kabla ya Halloween, na hofu ikawa moto. Hospitali zilipiga eksirei mifuko ya pipi. Mwanasosholojia Joel Best alizipekua habari za magazeti tangu 1958, na mwaka 1985 akaandika kwamba hakupata kisa hata kimoja kilichothibitishwa cha mgeni kumuua mtoto kwa pipi ya Halloween. Haikusaidia. Tofaa, visheti na mkate wa tangawizi wa jirani vilitupwa jaani, kikabaki kilichofungwa kiwandani. Chakula cha nyumbani kilikufa kabla ya vazi la nyumbani, na kwa maoni yangu hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko ile ya vazi, kwa kuwa majirani walipoteza sababu ya kuaminiana.

Matembezi ya Greenwich Village nayo yalikua miaka michache tu yakawa gwaride la maelfu ya watu wazima. San Francisco, mtaa wa Castro, mashoga waliufanya usiku huo kuwa wao. Watoto wa miaka ya 1950, sasa wana kazi na mishahara, hawakuona sababu ya kuacha. Mwaka 1983 huko Castro Valley, California, likafunguliwa duka lililokuja kuwa Spirit Halloween, lenye mtindo wa kukodi majengo matupu kwa wiki chache za msimu na kuyajaza vinyago. Shirikisho la wauza rejareja Marekani lilikadiria kwamba matumizi ya Halloween mwaka 2023 yangefika dola bilioni 12.2. Katika hizo, mavazi ya watu wazima yalikadiriwa dola bilioni 2, ya watoto bilioni 1.4, na ya mbwa na paka milioni 700. Mkubwa amempita mtoto, na paka yuko njiani.

Katika ugawaji huu wote kuna mtu mmoja aliyeachwa nje, naye ni yuleyule aliyekuwa mwenye usiku mwanzoni: kijana wa miaka kumi na tano. Ni mrefu mno kwa mlango wa jirani, mdogo mno kwa baa. Mama hashoni tena kwa ajili yake, naye angeona aibu kushonewa. Miji kadhaa imeliandika hilo kisheria. Chesapeake, Virginia, ilitunga sheria ndogo mwaka 1970 kwamba mwenye zaidi ya miaka 12 akikutwa anapita nyumba kuomba pipi anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi miezi sita. Belleville, Illinois, ilifuata mwaka 2008 kwa umri huohuo. Bathurst, New Brunswick, Kanada, iliweka kikomo cha miaka 16. Hofu ni ileile ya miaka ya 1930, ya mvulana mwenye kinyago gizani, ila sasa kijana mwenyewe anachotaka ni chokoleti.

Mzazi wa Kiswahili uliye ughaibuni, uamuzi wa kumruhusu mtoto au kumzuia ni wako na imani yako, na wapo wengi wanaozuia kwa heshima bila ugomvi na majirani. Ukimruhusu, usikimbilie kutoa dola 40 dukani. Kipande cha kitenge, kadibodi ya friji na saa moja mezani na mwanao vinatosha, na atakufundisha mwenyewe anataka kuwa nani mwaka huu. Akifika miaka 14 usimwambie amekua; atajua. Na usiku huo akigonga kwako kijana wa mwenzio, sauti imekwisha kuwa nzito, vazi lake ni shuka tu lililotobolewa dakika tano zilizopita, mpe pipi kama ulivyowapa wadogo. Chesapeake wenyewe mwaka 2019 walikifuta kifungo na kupandisha umri hadi miaka 14, baada ya watu wa nchi nzima kuwacheka. Polisi wa huko walikwisha kusema hawakuwa na nia ya kumkamata mtu kwa ajili ya pipi.